Makabati Mawili kwa Mwezi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mama naye hajambo na miguu yake. Mimi ni mzima wa mwili, sina ninapoumwa. Msalimie mama sana, mwambie ninakula.

Barua ya dada nimeipata. Ameandika kwa maneno ya kuzunguka, kama kawaida yake anapotumwa, lakini nimeelewa: unataka kujua watu wanaotengeneza michezo ya video hulipwa kiasi gani, na unaona haya kuniuliza mwenyewe. Tena anasema mwenye duka la saruji atakuja Jumamosi kununua karakana yako pamoja na kiwanja chake, kwa sababu umesikia redioni kwamba mchezo wetu umeingiza mamilioni, ukawatangazia majirani kuwa sasa unapumzika, mwanao ana kazi ya pesa za kumwaga. Ndiyo maana nimekaa kuandika leo hii, na barua nampa dereva wa basi la kesho. Kwenye simu ungenitania, nami ningecheka, tukaishia hapo.

Nikikutajia noti hutaniamini, basi acha nikuhesabie kwa makabati. Chukua lile kabati la nguo la milango mitatu, unalolitengeneza wiki mbili na kumlalamikia mteja wiki nzima. Mshahara wangu wa mwezi ni makabati mawili. La kwanza lote linamezwa na kodi ya chumba. La pili, nauli na chakula vinachukua milango miwili, na mlango uliobaki ndio ninaowatumia wewe na mama.

Wengine wanapata zaidi. Wanaoandika programu, yaani wale wanaoiamuru kompyuta ifanye nini, wanafika makabati matano. Wanaoujaribu mchezo kutafuta kasoro, kutwa wanagonga kuta kuona kama zinapitika, hawafikishi hata moja. Mkuu wetu sijui. Ukimuuliza anaangalia saa. Na yuko mwenzangu wa nchi nyingine tunayefanya naye kazi kwa mtandao. Kazi yetu ni moja, yeye anajenga mitaa na mimi najenga vyumba. Siku moja aliniambia anapata makabati manane, akaniuliza mimi je. Nikamwambia mtandao unasumbua, sikusikii.

Ndiyo, baba, najenga vyumba ndani ya kompyuta: kuta, viti, taa, hata vumbi la dirishani. Uliniita Maranda kwa sababu nilikuwa nalala juu ya maranda yako, ukataka niwe seremala, nikakimbia. Mkataa pema pabaya panamwita. Sasa natengeneza meza ambazo hakuna atakayeweka sahani juu yake.

Ofisini tuko watu thelathini katika ukumbi mmoja, kila mtu na vifaa vyake masikioni. Anayekaa kushoto kwangu akitaka kuniuliza kitu huniandikia kwenye skrini, ingawa viwiko vyetu karibu vinagusana. Nikirudi chumbani, jirani yangu namjua kwa kikohozi tu. Akikohoa nami nakohoa, na hiyo ndiyo salamu yetu. Baba, nina upweke. Sikuwahi kuliandika neno hilo kwa sababu nilijua mama atasomewa.

Upweke huo ndio ulionifanya nijenge karakana yako. Mchezo ulihitaji chumba cha fundi, nikaambiwa nibuni chochote. Nikaweka meza yako yenye mguu uliotiwa kipande cha mbao, randa zako tatu zilizolazwa ubavu, na redio iliyofungwa kwa waya. Nikaweka na mlango. Unajua ulivyo: bawaba ya chini imelegea tangu sijazaliwa, na mganga hajigangi. Mgeni huusukuma mpaka anatokwa jasho, lakini sisi wa nyumbani tunauinua kidogo kwanza, ndipo tunasukuma. Kwa hiyo hukuwa na haja ya kugeuka kutazama nani anaingia. Ukiusikia umeinuliwa, ulikuwa unasema tu, "Ingia, mwanangu."

Mmoja wa wanaotafuta kasoro aliripoti kwamba mlango ni mbovu. Nikamwambia si ubovu, ndivyo ulivyo. Mkuu akaja, akaujaribu, akacheka, akasema uachwe. Tangu hapo, wenzangu wakienda kula, mimi nilikuwa naingia humo, nauinua mlango, nakaa kando ya stuli yako. Wewe sikukuweka. Nilijaribu kukuchora, mikono ikatoka ya mtu mwingine, nikafuta.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa napazunguka kama dada. Mchezo ulipotoka, karakana ikapendwa kuliko vyumba vyote. Kampuni ikaanza kuiuza peke yake: anayetaka kuingia, alipe. Na wanalipa. Watu nisiowajua, wa mataifa nisiyoyajua, wanaonyeshana namna ya kuuinua mlango wako. Zile pesa ulizozisikia redioni, nyingi zimeingilia mlango huo, na ungechonga makabati maisha mawili usingezifikia. Mimi nilipata makabati yangu mawili, kama kila mwezi, na kipande cha keki. Mkataba niliotia sahihi unasema kila ninachokijenga kwao ni chao. Nilidhani wanamaanisha vitu vya kubuni. Kile kilikuwa cha kwetu, baba, na sikukuuliza.

La pili ni hili. Jengo likishaezekwa, fundi hufungasha vifaa vyake. Hilo unalijua kuliko mimi. Mchezo umekwisha, na sisi wajenzi wa vyumba siku yetu ya mwisho kazini ni Alhamisi hii. Nilipowaambia nimepandishwa cheo, nilikuwa nimehamishiwa meza ya karibu na dirisha. Pesa za kumwaga hazipo, na mwezi ujao hata ule mlango mmoja wa kabati haupo. Ukiuza karakana kwa kunitegemea, utajuta, nami sitakuwa na uso wa kukutazama.

Usiuze. Mwambie mwenye saruji mwanao amekataa, lawama anitupie mimi. Ninakuja nyumbani. Kila kifaa chako najua kilipo hata gizani, ila sijui kukitumia hata kimoja. Ukiniambia nianze kwa kufagia, nitafagia. Na kama utanikasirikia kwa habari ya mlango, ni haki yako, lakini nikasirikie nikiwa hapo mbele yako. Huu wa huku nimeuinua mara nyingi mno, na hauna uzito wowote.

Mama umsomee pole pole, lile neno la upweke uliruke. Dada mwambie nimemwelewa, na nampenda.

Ijumaa nitakuwa nimefika. Sitapiga hodi. Ukisikia mlango umeinuliwa, usigeuke, niambie tu lile neno lako.

Mimi mwanao,
Maranda