Ngoma Tuliyomchezea Mfaransa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Pasiansi hatujambo. Shangazi yako kajifungua mapacha.

Ndiyo, ni mimi uliyeniona kwenye filamu huko Ufaransa. Yule Mfaransa alikuja enzi ya Mwingereza, peke yake, hana kampuni, kamera begani. Mzungu gani hutembea bila bosi? Tukajua katumwa na wapinzani wetu wa ngoma, aibe mitindo yetu kabla ya mashindano. Manju wetu akanong'ona, "Mchezeeni ya uongo." Tukarukaruka ovyo. Mfaransa akatokwa machozi.

Siku ya mashindano, wapinzani wakaingia wakirukaruka vilevile. Wakashangiliwa, wakashinda! Mpaka leo simwamini yule Mfaransa.

Unasema filamu hiyo ndiyo iliyompa jina kwao. Ngoma yetu halisi haikupigwa picha, na wa kuikumbuka nimebaki mimi tu.

Babu yako