Pale Maji Yalipotulia

Dada Mwende,

Salamu nyingi kutoka Msambweni. Leo nimeogelea pale pasipo na mawimbi, nikidhani ndipo penye usalama. Kumbe ndipo maji yanapotoka kwa kasi kwenda bahari kuu kupitia mlango wa mwamba! Nilipigana nayo nirudi pwani hadi pumzi zikaniishia. Mama mmoja aliyekuwa akisaka pweza mwambani akaniita, "Usishindane nayo, mwanangu! Nenda kando!"

Nikageukia kando. Huko maji yalikuwa yakizunguka kurudi pwani, yakanibeba taratibu mpaka mchangani. Yule mama akanipikia pweza wa nazi. Nilikula huku nikilia.

Usimwambie Mama. Ila kadi hii ya posta haina bahasha, najua ameshaisoma. Shikamoo, Mama. Niko mzima.

Mutua