Yustina, Hukuzikwa Nusu

Mwaka umetimia, Dkt. Yustina Masolwa, tangu ulipotutoka hapa Tabora, na bado wapo wanaotusubiri tuombe radhi. Wanasema tulikuzika bila ubongo wako. Ni kweli. Leo tunakueleza wewe, nao wasikie, kwa nini radhi hiyo haitatoka.

Yote yalianza na mama yetu, Josepha. Alianza kutuita kwa majina ya dada zake, kisha akawa anatoka asubuhi kwenda stesheni kumpokea baba, aliyekwisha kufariki zamani. Mtaani wakanong'ona kwamba amerogwa. Wengine wakasema mchawi ni yeye mwenyewe. Wewe ulichukua likizo kazini kwako Dar es Salaam, ukaja, ukaweka viti viwili barazani, ukakaa naye mchana kutwa. Kila aliyepita ulimsalimia, mkubwa kwa shikamoo yake, ukamwambia, "Huyu ni mama yangu. Anaumwa ubongo, kama wewe unavyoweza kuumwa tumbo. Karibu umsalimie." Wengi waliinamisha macho wakapita. Wachache walikaribia, na hao ndio mpaka leo wanaomrudisha nyumbani akipotea.

Ukarudi maabara na swali la ugonjwa wake. Ulipima chuma na shaba katika vipande vya ubongo vyembamba kuliko karatasi. Ulitaka kujua kwa nini chuma hujazana kwenye ubongo wa baadhi ya wazee wanaosahau: je, ndicho kinacholeta ugonjwa, au ugonjwa ndio unaokileta? Hukupenda kukimbilia jibu. Fakhrudin wa duka la vyombo alikuuliza, "Daktari, wanasema sufuria hizi za alumini zinaharibu akili. Nifunge duka?" Ukacheka. "Uza tu, Fakhrudin. Nisichokithibitisha sikisemi." Ukanunua moja kubwa, mbele ya wateja wake.

Ulichokosa ni ubongo wa mtu asiye na ugonjwa huo. Ukatuambia tukiwa mezani, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate: "Nitajuaje mboga imezidi chumvi kama sijaonja iliyokolea sawasawa? Akili yangu bado nzima. Nikifa, wachukue wangu. Siwezi kuwaomba watu kitu ambacho mimi mwenyewe sitoi." Saratani ilikuwa imekwisha kukukamata, na sote tulijua.

Siku ulipofariki, wenzako wa maabara walikuwa tayari, na kazi ilipaswa kufanyika mapema kabla ubongo haujaharibika. Baba mdogo Xavery akasimama kwenye mlango wa mochwari.

"Mwanangu hazikwi nusu nusu. Huko mbele ya Mungu atajibu nini?"

Hatumlaumu. Ndiye aliyekupeleka shule kwa baiskeli, wewe ukiwa umekalia mfuko wa nguo zako. Marko, kaka yako, alimsihi. Mdogo wako Magreth alilia. Hakusogea.

Ndipo akaja Shomari, Mzaramo anayefanya kazi reli, mtani wetu kwa utani ule ulioachwa na misafara ya pembe za ndovu kati ya kwetu na pwani, aliyefika msibani kufanya vurugu kama ilivyo haki yake.

"Xavery! Babu zako walibeba pembe za ndovu za watu wengine kutoka hapa mpaka kwetu pwani, hawakuuliza mzigo wa nani. Leo mtoto anabeba wake mwenyewe, unamzibia njia?"

"Shomari, toka. Hapa si pa utani."

"Pa utani ni wapi kama si msibani? Na wewe siku yako ikifika, hicho kichwa tutakifungua. Tusipokuta kitu, usije ukailaumu hospitali."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Baba mdogo, ambaye kwa mila hawezi kumkasirikia mtani, mabega yakaanza kumtikisika, anacheka huku machozi yanamtoka. Akaondoka mlangoni. Hakukubali, alipisha tu.

Sasa baadhi ya wazee wa ukoo wanataka tusimame kwenye misa yako tukiri kwamba tulikosea. Hapana, Yustina. Wenzako wametupigia simu: ubongo wako ni miongoni mwa bongo wanazozilinganisha na za wagonjwa. Tuombe radhi kwa lipi? Kwa kutimiza neno lako? Marko na Magreth nao wamekwisha kuwaambia kwamba siku zao zikifika, waje. Safari hiyo hakuna atakayesimama mlangoni.

Baba mdogo tulimfuata nyumbani kwake, tukampa shikamoo, tukamweleza ana kwa ana. Akaitikia marahaba, kisha akauliza misa ni saa ngapi.

Ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kanisani Kipalapala. Wanaotusema nao wanakaribishwa. Chakula kitawatosha.

Unakumbukwa na mama yako Josepha, kaka yako Marko, mdogo wako Magreth, mtani wako Shomari, na baba yako mdogo Xavery, ambaye bado anasema tulikosea, na ambaye ndiye aliyepalilia kaburi lako wiki hii.

Mama anauliza kila jioni umefikia wapi. Akisahau jina lako, hilo si kosa lake. Sisi tutakukumbuka kwa zamu yetu, na kwa zamu yake, daima.