Mwajuma Katoka kwa Mumewe

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Manzese yote tope, na mteja wangu wa asubuhi kaahirisha. Nina hasira, na bora niseme mapema kwamba si za mvua.

Ni za yule kaka wa simulizi.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: mie ni msusi. Nina chumba cha mbele na viti viwili, na nikipata nafasi naandika hadithi. Nimemaliza moja ndefu, ya mwanamke anayeitwa Mwajuma. Mumewe anampiga, anampiga, mpaka siku anafungua mlango na kuondoka. Sasa kuna kaka anaendesha apu ya simulizi za kusoma kwenye simu. Kaisoma yote, kaipenda, anataka kuitoa. Ila mwisho nibadilishe: Mwajuma arudi, mume aombe msamaha, wakae na wazee, yaishe. Eti wasomaji wanataka ndoa isimame. Jibu analitaka leo.

Nafasi hii nimeitaka jamani, sitajifanya sijali. Natamani nisomwe na watu ambao sijawahi kuwasuka.

Kusoma nilianzia barazani kwa mama. Naye alikuwa msusi, alikuja kutoka Songea na vidole vyake tu. Rasta ni kazi ya kutwa, na mteja akichoka kukaa anaanza kugeuza kichwa, mistari inapinda. Mama akagundua dawa: mtoto asome. Mteja alikuwa anakuja na gazeti lake la hadithi, nasoma kwa sauti, kichwa kinatulia tuli. Siku gazeti lilipokosekana niliwasomea karatasi ya dawa ya minyoo, na bado walisikiliza.

Shida ilikuwa hadithi kukatwa. Jambazi ndo kwanza anaingia chumbani, gazeti linakwambia subiri wiki ijayo, na mteja nusu ya kichwa bado! Mama ananikonyeza. Basi naendelea, macho kwenye matangazo ya biashara, mdomo unatunga. Ukishasoma sana unaijua hadithi kama nyumba ya shoga yako, hata umeme ukikatika unapita bila kujigonga.

Nikaja kukamatwa. Dada mmoja muuza mitumba alinunua toleo lililofuata, akatujia kavimba.

"We mtoto! Humu yule msichana kafa. Kwako si aliolewa?"

Nikajua leo nakula bakora. Dada wa watu akavuta mkeka, akakaa, akasema, "Haya, endelea na ya kwako." Uandishi wangu ulianzia hapo. Na enzi hizo niliwaozesha wote, hata majambazi.

Leo mchana mvua ilipopungua kaja Mama Sauda. Ana duka la vitambaa hapa mtaani, karithi kwa baba yake, Mwarabu mwenye heshima zake. Akiingia nafunga mlango na kushusha pazia ndipo avue ushungi. Anasoma vitabu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na akiona kibaya anakwambia ni kibaya.

"Shikamoo mama. Leo utasikiliza mwisho wa hadithi yangu, uniamulie."

"Marahaba. Usinivute nywele tu."

Nimeuandika upya ule mwisho mara nyingi mpaka nimeukariri, kwa hiyo mikono ikawa inasuka na mdomo unasimulia. Nikafika pale Mwajuma anapofungua mlango, anatoka, jua linampiga usoni. Basi. Mwisho. Lile jua nilikuwa najivunia kweli.

Mama Sauda akakunja uso. Nikasema moyoni, ndo hivyo, naye atamtetea mume.

"Haya, katoka," akasema. "Usiku kalala wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza. Mie nilishatoka, mwanangu. Sauda mgongoni, nguo kwenye mfuko wa rambo. Nikafika kwa shangazi yangu, akanipa chai, akanambia ukishamaliza rudi kwako. Nikazunguka milango mingine, jioni nikarudi. Watu wakasema Mama Sauda ana moyo wa kusamehe. Moyo gani? Nilikosa pa kulala."

Vidole vikanisimama. Miaka yote namsuka mama huyu na sikuwahi kujua. Nikamwambia pole, neno lenyewe nikaliona dogo.

"Suka," akasema. "Duka liko wazi kule."

Nimewaza mpaka nimemaliza kumsuka. Yule kaka anamrudisha Mwajuma kana kwamba kurudi ni mapenzi. Nami nimemtoa nje, nikamwacha mlangoni kwa sababu jua lilikuwa zuri kuandika. Nimekasirikia mwisho wa mwenzangu wakati wa kwangu nao ni wa mtu asiyewahi kutafuta pa kulala na mtoto mgongoni.

Nimemtumia kaka ujumbe: asante, ila Mwajuma harudi, na hadithi haijaisha. Kajibu, basi dada, kila la heri.

Nimelia kidogo. Nimenawa uso.

Sasa nakaa kuandika sura ambayo sikujua inakosekana. Mwajuma anagonga kwa shangazi, anapewa chai. Anagonga kwa rafiki yake kule Mwenge, anaambiwa mume wangu hapendi wageni. Anaendelea kugonga. Sijui bado ni nani atakayemfungulia, lakini lazima nimpate, na nitampata hata ikinichukua mwaka. Apu zipo nyingi.

Maana Mama Sauda alipokuwa anajifunga ushungi pale mlangoni aliniambia kitu, na hakuwa ananitazama.

"Huyo atakayemfungulia, umwandike vizuri. Mie nilimtafuta siku nzima."