Mwanamke wa Pili kwenye Picha ya Harusi

Ferrara, 4 Oktoba 1521

Shangazi Polissena mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Bologna? Mimi mwili haujambo, moyo ndio umechafuka.

Bertoldo ametundika picha ya harusi chumbani kwetu. Katikati nimeketi mimi, nimechorwa kama Venasi, mungu wa mapenzi, na njiwa miguuni; kulia kwangu yupo Bertoldo, na mbele yetu mtoto mwenye mabawa ameshika mwenge. Kushoto, kivulini, amesimama mwanamke ameinamisha mwenge. Mjakazi amemtambua: ni Orsina, marehemu mkewe. Yaani nilale nikitazamwa na mke mwenzangu? Asipoiondoa, narudi kwa baba. Wewe mjane wa mchoraji, niambie maana yake.

Mwanao,
Taddea

Bologna, 19 Oktoba

Taddea mwanangu,

Salamu zako zimenikuta kitandani, ila supu inapita. Punguza hasira, mama. Mwenge ulioinamishwa ni alama ya aliyekufa, hapo hujakosea. Lakini marehemu mume wangu alizoea kuniambia nisiishie kuuliza nani yumo. Alitaka niulize pia macho yanaelekea wapi. Yule mtoto mwenye mabawa, Upendo, moto wake kautoa wapi? Na Orsina anamtazama nani? Kama anamtazama Bertoldo, funga virago, nitakupokea mwenyewe.

Shangazi yako

Ferrara, 2 Novemba

Shangazi yangu,

Namshukuru Mungu kwa supu hiyo, nawe nakushukuru kwa barua.

Nimetazama. Upendo anawasha mwenge wake kwenye ule wa Orsina, huku mguu mmoja umeshaanza kuja kwangu. Lakini Orsina hatutazami sisi. Anatazama kando ya magoti yangu, mahali patupu.

Nikamwuliza Bertoldo, "Hapa mchoraji alisahau nini?"

"Hakusahau. Ni pa Nanna. Alikataa kuchorwa, nikasema paachwe."

Nanna ni binti yao wa miaka sita. Tangu niingie humu hajanisemesha.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Nilidhani picha itanisemea."

"Ilisema, ila mimi nikasikia mengine."

Tukaihamishia sebuleni, Nanna apate kumwona mama yake. Siku za kwanza alikuwa akija, anatazama, anaondoka. Ahsante, shangazi, bila wewe ningekuwa kwa baba sasa hivi.

Leo asubuhi amekuja na kitana, akanipa mgongo.

"Nisuke kama yule."

Nikamsuka, kila mara nikiinua macho kwa Orsina nisije nikakosea.

Mwanao,
Taddea