Mwanya wa Mwenye Jina Lako

Chepseon, Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Sasa hivi mwenye jina lako, Ciru wangu, amemkamata kuku wa mlinzi, hapa nje ya zahanati, akamfungua mdomo kwa vidole viwili na kuchungulia mpaka ndani kabisa. Kisha akaniambia, "Maitu, mama, huyu hana jino hata moja! Na anakula mahindi!" Kuku amekimbia, mlinzi bado anacheka, na mimi nimetoa karatasi nikaona nianze na hiyo, ucheke kwanza kabla sijakusalimia.

Haya, sasa nakusalimia. Goti linasemaje na baridi ya huko Kinangop? Na masikio? Juzi kwa simu ulikuwa unaniitikia "eeh, eeh", na najua hukusikia kitu. Ndiyo maana naandika. Baba Njeri atampa barua mtu wa lori anayekuja huko kuchukua viazi, halafu dada akusomee polepole, na asiruke mahali. Sisi tuko wazima. Njeri, dada yake Ciru, yuko shule. Mimi bado nachuma chai kwa shamba la mzee jirani. Ukungu ukishuka asubuhi huku, miti ya chai haionekani, unaona tu vichwa vya watu vinaelea na vikapu mgongoni, kama watu wanaoogelea kwenye maziwa. Wakati mwingine nachuma nikiwa nimesahau niko wapi, mpaka mtu akohoe.

Mama, kuna jambo nilikuficha, na leo ndiyo siku yake. Meno ya Ciru yameoza. Mawili ya mbele juu, yale yenye mwanya kama wako, na gego moja chini. Usinigombeze, nimeshajigombeza. Nikienda shambani alfajiri nilikuwa namwacha kwa Kogo, yule bibi jirani niliyekuambia, na chupa ya chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, ili anyamaze. Hata kulala alilala nayo mdomoni. Nani angenionya hapa? Huku chai tunampa hata mgonjwa. Daktari wa meno hapa zahanati alipoinua ule mdomo wa juu aliniuliza kitu kimoja tu: "Analala na chupa?" Nikaangalia chini.

Kogo nilipomwambia alikasirika. "Weee! Chai bila sukari si ni maji ya kuosha sufuria? Mimi nimelea watoto tisa!" Akafunga mlango. Kesho yake namwona anakuja na kibuyu kidogo cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, ananiambia bila kuniangalia, "Hii haina sukari. Akatae aone." Ciru hakukataa.

Watu wengi waliniambia ning'oe tu, ni ya utoto. Lakini nilikumbuka vile niling'olewa mimi. Wewe ulinishika kichwa, mjomba akanishika miguu, na nilisikia moyo wako unapiga kuliko wangu. Sikutaka kumshika Ciru hivyo.

Daktari wa meno ni msichana mdogo, anakuja hapa mara moja kwa mwezi. Alinieleza bila haraka. Kuna njia ya kukwangua uozo kwa kijiko kidogo, bila mashine, halafu jino linazibwa na kitu cheupe. Hiyo ndiyo niliyotaka, kwa sababu ni nyeupe. Tulijaribu mwezi uliopita. Ciru alivumilia kidogo, halafu akafunga mdomo na kidole cha daktari kikiwa ndani. Daktari akasema, "Uuui! Haya meno bado yako na nguvu!" Akaniambia mtoto asilazimishwe, na hata akizibwa hapo mbele, kile cheupe kinaweza kutoka, kwa sababu jino limebaki jembamba, hakuna pa kushika.

Njia nyingine ni dawa ya kupaka. Tone moja, dakika moja, haiumi. Uozo unasimama hapo ulipofika. Lakini pale palipooza panakuwa peusi kama makaa, na hapatoki weusi mpaka jino lenyewe litoke akifika miaka sita, saba. Dawa inarudiwa baada ya miezi sita. Nilimwuliza, "Hakuna ya rangi ingine?" Akasema, "Mama Ciru, huo weusi ndio unaonyesha imeshika."

Na kwa gego kuna kofia ya chuma. Hawachongi, hawadungi sindano, wanavika tu juu ya jino na gundi, anauma pamba mpaka ikauke. Siku chache atahisi jino limekuwa refu, halafu anazoea. Hiyo Ciru mwenyewe aliitaka akiwa bado hajaelezwa yote. Aliona inang'aa.

Kwa hivyo kofia haikuwa shida. Shida ilikuwa ile dawa nyeusi. Daktari alituambia tukafikirie. Baba Njeri alikataa kabisa. "Mtoto msichana? Meno nyeusi hapa mbele? Si watamcheka mpaka aache kucheka?" Na mimi moyoni nilikuwa naogopa hiyo hiyo, Mama. Tena nilikuogopa wewe. Nilijiambia, ule mwanya alipewa pamoja na jina, na mimi nimeuharibu na chupa ya chai.

Halafu nikaota. Niliota niko kwa shamba letu la pareto, yale maua yamefunguka meupe mpaka kwa ua wa jirani. Ciru anatoka katikati yake anakimbia, anacheka, meno yake meusi. Wewe umesimama mlangoni na unga mikononi, unamcheka hivyo hivyo, mwanya kwa mwanya. Hukuuliza kitu. Ulimnyanyua tu, na unga ukabaki kwa nguo yake, mahali pa vidole vyako. Niliamka nikiwa mwepesi, kama mtu ametua kikapu.

Nilimwambia Baba Njeri ndoto. Akanywa uji, akatoka nje. Nikadhani amekasirika. Kumbe ameenda jikoni. Amerudi amejipaka mkaa meno yote ya mbele, akainama mbele ya Ciru akacheka, hivi, mdomo wote. "Mimi ndiye wa kwanza. Wewe utanifuata?" Ciru alicheka mpaka akakaa chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu hayo meno yaanze kumsumbua. Na unajua, Mama, niliangalia mdomo wake wote na nilichoona ni mwanya tu.

Basi leo ni nyeusi mbele na kofia nyuma. Nimeamua. Yale meusi yakitoka tutayatupa juu ya mabati, na mapya yatakuja, na nina tumaini yatakuja yameachana katikati kama yako.

Nisalimie dada anayekusomea, na mjomba, mwambie miguu yangu imemsamehe. Shangazi wa maombi amtaje Ciru akisali. Watoto wa kaka waambie binti yangu anakuja Desemba na jino la chuma, wangoje kuliona.

Ukungu umeanza kutoka kwa bonde. Mlango umefunguka, aliyekuwa mbele yetu anatoka na mtoto wake. Nilitaka kukuomba kitu kimoja, Mama. Siku tutakapofika, akija anakimbia kwako, usitafute rangi kwanza, umwache acheke kabisa, halafu—

Wanatuita, "Mama Ciru! Mama Ciru!", na yeye ameshashuka kwa benchi mwenyewe, hajangoja mkono wangu, anaenda amefungua mdomo tayari, na mimi nilikuwa nataka tu ujue kwamba—