Ng'ombe Uliyemfunga kwenye Nguzo ya Jiko

Mama, wewe ambaye sauti yako ilifika nyumbani kabla ya miguu yako,

Tumekuzika kando ya shamba la maharagwe, kama ulivyoomba. Na watu wa hapa kijijini Kingi wanajua kuomba kwako: ni amri iliyovaa nguo za kanisani. Kaburini walisema ulikuwa mpole. Niliitikia. Msibani si mahali pa kubishana.

Mimi nilikuwa nakumbuka ng'ombe.

Nilikuwa nimerudi kutoka Walikale, mwanangu Furaha mgongoni, homa mwilini. Mume wangu alibaki msituni kwenye machimbo. Mzungu aliyemwajiri hakumruhusu hata kuugua. Nilipofika kwako, maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Ulimpa mtoto uji mwepesi, akautema. Kesho yake hakuwa na nguvu hata za kutema.

Ulitazama kilima cha pili, kwa wafugaji. Kwenda kuomba? Wewe? Kilima kile ulikilima kabla serikali haijawapimia wao, na ng'ombe wao hawakukoma kushuka kula maharagwe yako. Jumapili kanisani ulikaa benchi moja na Papa Gasore, mzee wa wafugaji wale, kila mmoja akiimba kwa nguvu ili Mungu asimsikie mwenzake.

Asubuhi ile ng'ombe wake mmoja aliingia tena shambani. Sijawahi kuona mtu akifurahia hasara namna ile. Ulimfunga kwenye nguzo ya jiko, ukachuchumaa na kibuyu, ukamkamua kama mtu anayekamua nguo iliyofuliwa. Akakupiga teke. Ukarudi. Teke tena. Halikutoka hata tone. Ndani, Furaha alikuwa ameacha kulia, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio.

Ndipo Papa Gasore akashuka na wanawe, fimbo mkononi. Mjomba na vijana wetu wakaja kutoka shambani na mapanga.

"Mama, fungua ngombe yetu."

"Ilikula maharagi yangu. Sasa iko mugeni wangu, na haiyaaga bado."

Mjomba alihamishia panga mkono wa kulia. Papa Gasore akaona kibuyu.

"Nani alikuwa nakamua?"

"Miye."

"Mwanamuke?" Panga halikuwa limemshtua hivyo. "Kwetu mwanamuke hakamue ngombe! Utaniharibia zizi yote!"

"Basi kamua wewe mwanaume."

Uliingia ndani, ukamtoa Furaha mapajani mwangu, ukapita katikati ya fimbo na mapanga, ukamweka mikononi mwa Papa Gasore.

"Huyu njo alinituma. Umujibu yeye."

Ilibidi aangushe fimbo. Aliinamisha sikio mdomoni kwa mtoto, akasikiliza, nasi sote tukasikiliza pamoja naye.

"Mama," akasema polepole, "hata ungekamua mpaka Noeli. Hii ngombe haitoe maziwa bila kuona mutoto yake." Kisha akamwambia mwanawe: "Kimbia, lete ndama."

"Ungesema mapema," ulimjibu. Yaani wewe ndiwe uliyecheleweshwa!

Ndama alikuja, akanyonya kidogo, wakamvuta pembeni. Maziwa yakashuka na povu. Furaha alipewa kwa kijiko. Akakohoa. Akameza. Mjomba akainama ghafla na panga lake, eti ameona jani la kupalilia hapo mlangoni.

Tangu siku ile maziwa yalishuka na maharagwe yakapanda, na ugomvi wenu ukaendelea mpaka uzeeni, lakini kwa kuulizana kwanza habari za nyumbani.

Sasa wewe wa kugomba haupo. Tangu tukuzike, mjomba ananoa panga zaidi kuliko shamba linavyohitaji. Leo ng'ombe ameingia, amekula mpaka karibu na kaburi lako. Mjomba amemfunga. Wana wa Gasore wameshuka, fimbo mkononi. Nimefungua mdomo, Mama, sauti yako haikutoka.

Furaha ametupita wote mbio, amepanda kilima, na amerudi anavuta ndama kwa kamba, anahema.

"Mutakamua kwanza," amesema, "kisha mutapigana."

Mjomba amemuuliza nani amemfundisha hayo. Furaha ameshangaa kuulizwa.

"Koko," amesema, yaani wewe, bibi yake.

Wamekamua. Nimeyapasha maziwa moto, wamekunywa wote wakiwa wamesimama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi. Lakini wamekunywa.

Lala, Mama. Jikoni yuko mtu.

Binti yako,
mama ya Furaha